Mfarishi wa kanga kwa mtoto mchanga: kutoka kwenye doti mpaka kwenye beseni

Uzuri wa mfarishi wa mtoto haujulikani siku unapotolewa zawadi. Hujulikana mwezi wa tatu, ukishacheuliwa maziwa, ukakojolewa, ukafuliwa kila baada ya siku mbili na kupigwa pasi ya moto pande zote. Hapo ndipo kanga nyekundu isiyofuliwa kabla ya kushonwa inapochujia weupe wa jirani yake, pamba ya mto inapojikusanya mabonge pembeni na kuacha utupu katikati, na mshono ulioachiwa akiba ndogo ya kitambaa nje ya mstari unapofumuka. Kwa hiyo kila uamuzi ulio hapa chini, kuanzia kitambaa mpaka upana wa pindo, umefanywa kwa kuliangalia beseni la kufulia.

Mfarishi ni tabaka tatu: juu viraka vilivyoungwa, katikati kitu cha kujazia, chini kitambaa kizima. Zote hudariziwa pamoja, yaani hushonwa mistari inayopenya tabaka zote, kisha hufungwa pindo. Huu wa hapa ukimalizika una sentimita 92 kwa 107. Unatosha kutandikwa juu ya mkeka mtoto alale kifudifudi akijifunza kuinua kichwa, unatosha kumkunja akipakatwa asubuhi ya baridi, na akifika miaka minne bado utamfunika miguu. Viraka ni 42, kutoka kanga sita za watu sita wa ukoo wake, saba kwa kila mmoja.

Jambo moja lieleweke kabla mkasi haujashikwa. Madaktari wa watoto hushauri mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilale usingizi akiwa na mfarishi, mto wala blanketi lililo huru pembeni yake, kwa sababu linaweza kumfunika pua na mdomo naye hana nguvu ya kulitoa. Mwaka wa kwanza mfarishi ni wa kutandika akiwa macho na mtu mzima yupo, au wa kumfunika akiwa mikononi. Mwambie mama yake hivyo siku unapompa. Neno la mtoa zawadi husikilizwa kuliko karatasi ya kliniki.

Kanga za kukata

Kanga inafaa kazi hii kuliko vitambaa vingi vya dukani. Ni pamba, ni nyepesi, imezoea maji, na mtoto ameshakunjwa ndani yake tangu alipozaliwa. Iliyovaliwa miaka miwili mitatu ni bora kuliko mpya, kwa kuwa imeshatoa wanga wa kiwandani na rangi ya ziada. Waombe wanaostahili kuombwa: bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, mama mwenyewe, shangazi, mama mkubwa, mama mdogo. Huyo wa mwisho asisahaulike kwa sababu hana mtoto wake bado. Kwake kipande hicho kina uzito zaidi.

Kanga huuzwa doti, vipande viwili vya sura moja. Omba kipande kimoja tu. Pacha wake abaki mzima, na angalau mmoja kati ya hao wapacha apewe mama awe mbeleko. Mtoto atabebwa mgongoni kwa ua lile lile alilolilalia chini, na viraka vikichakaa baadaye, kuna pa kuchukulia vingine.

Kabla ya kupokea, soma jina. Maneno ya kanga mengine ni dua na mengine ni vijembe, na aliyeinunua miaka kumi iliyopita huenda alikuwa na mtu wake wa kumwambia. "Wema hauozi" na "Nani kama mama" ni ya kumlaza mtoto juu yake. "Hasidi hana sababu" irudi kabatini, hata kama rangi zake ni nzuri. Na usidhani utayakata maneno ukatumia sehemu nyingine bila mtu kujua: kanga zinajulikana kwa mji, yaani sehemu ya katikati, na pindo, na wifi ataitambua tu.

Kisutu, yaani ile nyekundu, nyeupe na nyeusi ya harusi, ikitoka kwa bibi ni hazina, lakini nyekundu yake ijaribiwe mara mbili kabla ya kuaminiwa. Kaniki usiitumie kabisa. Rangi yake huendelea kutoka ikisuguliwa, na mtoto hulamba kila kinachomfikia.

Siku hizi zipo kanga za nailoni na poliesta zenye rangi kali na bei nafuu. Chomoa nyuzi tatu ukingoni, zishike kwa kibano, uziwashe. Pamba huungua kama karatasi, hunuka karatasi, na huacha jivu laini linalopukutika. Poliesta hunywea, huyeyuka na kuacha chembe ngumu nyeusi. Isiyo pamba hainyonyi jasho vizuri na haivumilii pasi ya moto, na pasi ya moto hapa si ya urembo. Sababu yake iko mwishoni.

Mwisho, ishike kanga kuelekea dirishani. Palipochakaa mwanga hupenya kama kwenye chekeche. Weka vidole gumba viwili pamoja juu ya sehemu hiyo, vuta kwa kando. Ikichanika, kata kwingine. Kwa kawaida ni katikati panapokaliwa ndipo panapochoka, na pembe bado ni nzima. Kama kanga nzima imechoka na ni ya marehemu bibi, hutaki kuiacha: kila kiraka chake kipigie bafta, ile pamba nyeupe nyembamba, nyuma, ukubwa ule ule, ushone viwili kama kimoja.

Kwa familia ambayo vazi lake ni kitenge, kama ilivyo kwa wengi Goma, Bukavu na Kampala, hesabu hizi hizi zinafaa. Ila usichanganye kitenge kizito kipya na kanga nyembamba ya zamani katika kazi moja bila bafta nyuma ya kanga. Kizito huvuta, chepesi huchanika pembeni mwa mshono.

Pamoja na hizo sita, unahitaji kanga ya saba ya mgongoni. Hii haikatwi viraka, na ndiyo itakayobeba jina zima la kusomeka. Ichague kwa maneno yake kwanza, rangi baadaye.

Kufua kabla

Fua zote, hata zilizovaliwa miaka, kila moja peke yake, kwa maji ya moto na sabuni ya mche. Kanga mpya hunywea: yenye sentimita 150 kwa 110 hivi inaweza kutoka na 145 kwa 105. Kama ungeishona mpya pamoja na kuukuu, mpya ingenywea ndani ya mfarishi na kuukunja wote kama uso wa mtu aliyeonja ndimu.

Halafu jaribu rangi. Lowesha kona ya kanga, ibane kati ya kitambaa cheupe cha bafta kilicholowa, ukandamize kwa pasi ya moto hesabu ya kumi. Bafta ikichafuka, fua tena na ujaribu tena. Ikichafuka mara ya nne, iache hiyo kanga. Watu hushauri kuloweka kwa chumvi au siki ili rangi ishike. Kwa rangi za kiwandani ambazo tayari ziko kwenye kitambaa, havisaidii. Kinachosaidia ni kuitoa rangi ya ziada yote kwa maji ya moto mpaka maji yawe meupe.

Zipige pasi zikiwa na unyevu kidogo. Usiweke wanga.

Cha kujazia

Hapa ndipo makosa makubwa hufanyika, kwa sababu hayaonekani. Sufi na pamba ya kujazia mito ni nzuri mitoni, lakini hazina kinachozishika pamoja. Fua mara tano zitakuwa mabonge. Sponji, hata ile nyembamba, hunyonya mkojo ndani na haikauki kwa siku moja ya mvua, na ikizeeka inapukutika unga. Vyote viwili viache.

Kwa joto la Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na Unguja, tabaka moja la flaneli ya pamba linatosha, au shuka kuukuu la pamba likikunjwa mara mbili. Mtoto wa pwani akifunikwa kizito hutoka vipele vya joto shingoni na mgongoni, na mfarishi utakunjwa uwekwe juu ya kabati. Kwa Njombe, Mbeya, Limuru au Nyahururu, tafuta pamba iliyobanwa kuwa shuka, inayouzwa kwa mita kwa wauza vifaa vya cherehani, isiyozidi unene wa milimita 5. Ikikosekana, blanketi jepesi la pamba lililofuliwa linafanya kazi sawasawa. Chochote utakachochagua, kifue au kiloweke kwanza kama muuzaji anaruhusu, kikate sentimita 96 kwa 111.

Vifaa

Mkasi wa kitambaa usiokata karatasi, sindano fupi nyembamba pamoja na ndefu za bandi (mishono mirefu ya muda), pini zenye vichwa, subana ya kidole cha kati, chaki ya fundi au kipande kikavu cha sabuni, tepu ya kupimia, rula, pasi. Uzi uwe wa pamba, rangi ya maziwa au kijivu, unaotulia juu ya rangi zote. Kama umepata wa cherehani tu, upitishe kwenye nta ya nyuki au mshumaa usijisokote. Kata uzi mrefu kama kutoka ncha ya kidole mpaka kiwikoni. Mrefu kuliko huo huchakaa kwenye tundu la sindano kabla hujaumaliza, na hukatika ndani ya mshono.

Hesabu pini unapofungua na unapofunga kazi, na uandike idadi. Hiki ni kitu cha mtoto. Pini moja iliyosahaulika ndani ya pamba haitaonekana mpaka imdunge.

Kukata

Kila kiraka kinakatwa sentimita 17 kwa 17 ili kikishonwa kibaki 15 kwa 15. Akiba ya mshono ni sentimita moja nzima kila upande. Kwa pamba iliyofumwa kwa kubana watu huacha nusu ya hapo, lakini kanga imefumwa wazi na hutoa nyuzi. Akiba ndogo hufumuka na kuacha tundu baada ya miezi.

Tengeneza kigezo cha boksi gumu la sentimita 17, na kingine cha 15 cha kuchorea mstari wa kushonea upande wa nyuma. Kingo za boksi huchakaa kwa kupitiwa na chaki, kwa hiyo kata vigezo vipya baada ya viraka 20, la sivyo vya mwisho vitakuwa vidogo kuliko vya kwanza.

Fuata uzi wa kitambaa, usifuate chapa. Kanga nyingi zimechapwa kombo kidogo, mistari ya pindo haiendi na nyuzi. Chomoa uzi mmoja kutoka upande hadi upande. Ile njia uliyoiacha ndiyo mstari wako ulionyooka. Kiraka kilichokatwa kombo huvutika kama mpira, na kikiwa katikati ya safu huipinda safu yote.

Kutoka kila kanga toa viraka saba. Weka kigezo juu ya korosho au ua kamili, usiridhike na vipande vya pembeni. Sehemu ya jina usiikate viraka: neno likigawanywa linaweza kusomeka kitu ambacho hakikukusudiwa. Na kwenye kanga moja, ile yenye pindo zuri kuliko zote, toa kwanza vipande vinne vya pindo vyenye upana wa sentimita 7 kwa urefu wote wa pande zake, ndipo ukate viraka kwenye mji. Vipande hivyo vinne vitakupa karibu mita tano, nawe unahitaji mita nne na robo za kufungia ukingo.

Kupanga na kuunga

Tandaza viraka sakafuni, safu saba za viraka sita, kila safu ikiwa na kiraka kimoja cha kila mtu. Zipe kanga herufi A hadi F. Safu ya kwanza ni A, B, C, D, E, F. Ya pili ianze na C: C, D, E, F, A, B. Ya tatu E, F, A, B, C, D. Ya nne rudi mwanzo. Kwa kuruka mbili namna hii, hakuna kanga inayokutana na nduguye, wala kwa pembe. Ukiruka moja tu utapata mistari ya mshazari kama ngazi, na jicho litaiona hiyo ngazi badala ya maua. Simama juu ya kiti, utazame kwa macho yaliyofumbwa nusu. Kama giza limekusanyika upande mmoja, geuza kiraka kimoja kimoja, usivuruge utaratibu wote. Kisha zikusanye kwa safu, kila safu ufunge na karatasi yenye namba yake.

Weka viraka viwili uso kwa uso, dunga pini kwenye kona za mstari wa kushonea zitokee kwenye kona za mwenzake. Shona kwa mapigo ya milimita 2 hadi 3 juu ya mstari, na kila unapovuta sindano rudisha pigo moja nyuma. Hilo pigo la kurudisha ndilo linalouzuia mshono usifumuke wote siku uzi ukikatika mahali pamoja. Anza na umalize kwa kurudisha mara mbili badala ya kutegemea fundo peke yake.

Safu moja ikimalizika ina urefu wa sentimita 92. Pima kila safu kabla ya kwenda nyingine. Ikiwa 91, mahali fulani umeingia ndani ya mstari. Kosa la milimita 2 kwenye mishono mitano tayari ni sentimita moja, na safu hiyo haitalingana na zenzake. Kufumua sasa ni kazi ya robo saa.

Pasi: akiba za safu ya kwanza zilaze kushoto, za pili kulia, za tatu kushoto. Ukiunganisha safu mbili, migongo ya akiba inagongana na kukaliana, na pembe nne zinakutana sawasawa bila kulazimisha. Kandamiza pasi, usiiburute, maana kuburuta kunavuta kitambaa. Uso wote ukiisha unapaswa kuwa 92 kwa 107.

Mwenye cherehani anaweza kuunga uso wote jioni moja, kwa pigo la milimita 2.5 na akiba ile ile. Kudarizi kwa cherehani ya kawaida ni jambo jingine: meno ya cherehani huvuta tabaka la chini, la juu linazuiwa na mguu, na mikunjo hujaa mgongoni. Kwa ukubwa huu mkono unashinda.

Kupiga bandi

Kanga ya mgongoni ikate 100 kwa 115, ukihakikisha jina lote litabaki si chini ya sentimita 8 ndani ya ukingo wa mwisho. Itandaze chini uso ukiangalia sakafu. Sakafu ya saruji au vigae, siyo mkeka, kwa sababu mkeka una matuta. Ibandike pembe na katikati ya kila upande kwa utepe wa gundi, iwe imenyooka lakini haijavutwa. Ukiivuta kama ngozi ya ngoma itarudi ukiiachia, na mgongo utajaa makunyanzi.

Juu yake weka cha kujazia, kilaze kwa viganja kutoka katikati. Juu ya hicho weka uso wa viraka, chapa zikikutazama. Piga bandi kwa sindano ndefu, mapigo ya sentimita 4 hadi 5, ukianzia katikati kabisa kwenda kila upande kama miale, halafu mistari ya kusimama na ya kulala iliyoachana sentimita 10. Ni kazi ya magoti na inaumiza mgongo. Mistari ikiachana 20 utaokoa saa moja, kisha utazipoteza tatu ukifumua.

Kudarizi

Chora mishazari miwili kwa kila kiraka, pembe hadi pembe, iendelee kiraka hadi kiraka mpaka ukingoni. Mistari ya upande mmoja itaachana kwa sentimita 10 na nusu hivi, nafasi inayotosha kuishika pamba isitembee. Chora kwa chaki au sabuni tu. Kalamu ya wino huganda ikipigwa pasi, na haitoki tena.

Anza katikati. Ulegevu wowote uliobaki utasukumwa nje ukingoni, ambako hauna madhara. Ukianza pembeni utaufungia katikati uwe uvimbe. Ficha fundo hivi: funga fundo dogo, dunga sindano juu sentimita 2 kando ya mahali pa kuanzia, ipite ndani ya pamba na kutokea kwenye mstari, kisha vuta kidogo mpaka fundo liingie ndani kwa mlio mdogo. Kidole kimoja cha mkono wa chini kikae kikingojea ncha. Ukiigusa tu, irudishe juu. Chukua mapigo matatu au manne kwenye sindano kabla ya kuvuta. Yawe sawa kwanza, udogo utakuja wenyewe. Ukiyapata matano kwa kila sentimita 3 ni kazi safi sana.

Geuza kila baada ya mistari miwili utazame mgongo. Mapigo yasiyotokea nyuma hayashiki chochote.

Pembe nne zinapokutana kuna tabaka nyingi kuliko kwingine, na sindano hukataa au huvunjika. Usilazimishe. Malizia pigo nusu sentimita kabla, telezesha sindano ndani ya pamba, itokee nusu sentimita ng'ambo, uendelee. Kwa mita 18 za mishazari, mkono uliozoea utatumia saa kama tisa hivi, zigawanye siku kadhaa. Bandi zifumuliwe mwishoni, ukizihesabu pia.

Pindo

Punguza kingo za tabaka zote tatu zilingane na uso wa viraka, 92 kwa 107, pembe za mraba. Unganisha vile vipande vinne vya sentimita 7 kwa mishono ya mshazari. Mshono ulionyooka hurundika unene mahali pamoja na kuonekana kama kovu. Kunja ukanda katikati kwa urefu, piga pasi, ubaki sentimita 3 na nusu.

Anza katikati ya upande, siyo kwenye pembe. Kingo mbichi za ukanda ziende na ukingo wa mfarishi, upande wa viraka, ushone kwa akiba ya sentimita 1. Usiuvute ukanda hata kidogo, maana uliovutwa hukunja kingo zote. Ukibakiza sentimita 1 kabla ya pembe, simama, rudisha pigo, kata uzi. Kunja ukanda juu ufanye mshazari, kisha ushushe uende na upande unaofuata, anza upya kutoka ukingoni. Unapokutana na ulipoanzia, mwisho mmoja uingie ndani ya mwingine ukiwa umekunjwa.

Geuza ukanda kwenda mgongoni, ufunike mstari wa mshono, ushone kwa mapigo madogo ya kujificha, manne au matano kwa kila sentimita 3. Ukingo ndio utakaotafunwa meno yakianza kuota, kwa hiyo hapa uzi uwe mara mbili. Vishada, vifungo, shanga, utepe wa kuning'inia, visiwepo popote: hukatika na kumezwa.

Jina la mtoto

Wengi huunga viraka kuanzia mwezi wa saba wa mimba, kimya kimya, bila kuandika lolote. Jina linasubiri. Kwa Waislamu aghalabu hutolewa siku ya saba kwenye akika, na familia nyingine zina siku zao. Andaa kipande cha bafta cha sentimita 8 kwa 12, na jina likishatajwa, lidarizi kwa nyuzi mbili pamoja na mwaka wa kuzaliwa na majina ya wenye kanga sita kwa mpangilio wa A hadi F. Kishone kona ya mgongoni. Una muda: mfarishi ukifika kwa arobaini, mama anapoanza kutoka nje, umefika wakati wake.

Kuufua na kuupiga pasi

Maji baridi au ya uvuguvugu, sabuni ya mche au ya mtoto. Dawa ya kung'arisha hula nyuzi za kudarizi kabla haijaonekana kwenye kanga. Usiukamue kwa kuusokota; ukunje na ukandamize. Ukiwa umelowa usiuning'inize kwa pembe mbili, uzito wa maji hukata mishono. Utundike katikati ya kamba, au juu ya kamba mbili zilizo sambamba, juani, mgongo ukitazama juu ili viraka visipauke haraka.

Usiuanike kwenye majani wala chini. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki yuko nzi anayetaga mayai kwenye mchanga na kwenye nguo mbichi. Funza wake huingia kwenye ngozi na kufanya jipu lenye tundu. Kwa hiyo kila mfarishi wa mtoto ukishakauka upigwe pasi ya moto pande zote mbili, taratibu, mpaka joto likae ndani, na ukingo usirukwe. Ndiyo sababu poliesta ilikataliwa mwanzoni kwenye kitambaa, na haifai kwenye kujazia pia.

Mabaki ya kila kanga usiyatupe. Yafunge kwenye mfuko wa chandarua, na mara moja moja yafue pamoja na mfarishi, yaanikwe jua lile lile. Kiraka kikitoboka baada ya miaka miwili, kata kipya cha sentimita 17 kutoka kanga ile ile, kunja akiba ndani, kiweke juu ya kilichochakaa bila kukifumua, ukishone kuzunguka kwa mapigo ya kujificha, kisha urudishe mishazari miwili juu yake. Kwa kuwa kimepauka pamoja na wenzake, hakitaonekana kigeni.